Kusindika nyumbani bila kuumizwa na bei ya chupa: mwongozo kwa watu wa Arusha na Moshi

Nyanya za Ngarenanyuki zikifurika sokoni, hesabu inageuka kichekesho. Nyanya za kujaza chupa zinakaribia kuwa za bure, na chupa yenyewe ndiyo ghali. Mapera ndiyo usiseme, maana kule Machame na Marangu yanaokotwa chini ya mti. Mtu anaingia duka la vyombo, anaziona zile chupa nzuri za kigeni zenye mfuniko wa vipande viwili, anauliza bei, anashukuru, anatoka. Nyanya zinaozea kwenye ndoo.

Ninasindika jamu, achari, chachandu na nyanya kwa ajili ya nyumba yangu, na kwa ndugu ambao hawaondoki kwangu mikono mitupu. Nilianzia Moshi, sasa niko Arusha. Msimamo wangu kuhusu pesa ni huu: bania kila kitu isipokuwa mfuniko, uchachu na dakika za kuchemsha. Chupa za bei mbaya, sufuria maalumu, faneli, koleo, unga wa kugandisha jamu, lebo za kung'aa, vyote hivyo unaweza kuviruka na chakula kikadumu vizuri.

Kabla ya kununua chochote, amua unasindika nini

Njia ninayoieleza ni ile ya kuchemshia chupa zilizojaa ndani ya sufuria ya maji. Inafaa vyakula vichachu tu: jamu, achari na chachandu zenye siki ya kutosha, matunda machachu, na nyanya zilizoongezwa ndimu ya unga (citric acid). Maharage, njegere, karoti, mahindi mabichi, nyama, samaki na mboga za majani vikaushe au viweke kwenye friza.

Sababu ni kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Zikifungiwa kwenye chupa isiyo na hewa, ndani ya chakula kisicho na uchachu, zinaamka na kutoa sumu inayoweza kuua, na mara nyingi huoni wala kunusa chochote. Chakula chenye pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 4.6 au chini yake haziwezi kuota ndani yake. Kwa vyakula visivyo vichachu unahitaji mvuke wa shinikizo unaofika nyuzi 116, na mtambo wa kazi hiyo una vipimo vyake. Sufuria ya presha unayopikia maharage si mtambo huo. Kwa hiyo ukiamua kubaki kwenye vyakula vichachu, umeshaokoa bei ya kifaa kikubwa kuliko vyote.

Chupa: zimejaa mjini, hazijakufikia tu

Arusha ni mji wa wageni. Hoteli, lodge na jiko za kampuni zinazopeleka watalii mbugani hufungua chupa za jamu, asali, zeituni na mayonesi kila siku, na chupa tupu ni mzigo kwao. Moshi nako kuna hoteli za wapanda mlima, hali ni ileile. Usianzie ofisini kwa meneja. Anzia kwa mtu wa stoo au mpishi.

"Shikamoo mama. Hizi chupa za mayonesi huwa mnazipeleka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Zinatupwa tu hizo. Njoo Ijumaa na gunia."

Nilikwenda Ijumaa na gunia, na chupa mbili za jamu ya mapera kama shukrani. Tangu hapo napigiwa simu mimi.

Lakini gunia lile la kwanza lilinifundisha jambo. Nilibeba kila kilichokuwapo, chupa kama 40, na nilipofika nyumbani nikagundua midomo yake ni ya saizi nne tofauti, nyingine na meno ya kuzungusha robo, nyingine za kuzungusha mpaka mwisho. Kupata mifuniko mipya ya kila aina kungenigharimu kuliko chupa. Nusu yake niliishia kuwekea karanga na iliki.

Kwa hiyo chagua saizi moja, ukizidi sana mbili, na ushikilie hiyo miaka yote. Mifuniko yenye meno, ile inayofunga kwa robo mzunguko, hupatikana zaidi katika milimita 63, 70 na 82. Kabla hujakusanya chupa, nenda kwenye maduka ya vifungashio, uliza ni saizi ipi wanayo siku zote, si ile iliyopo leo tu. Kisha tembea na mfuniko mmoja kwenye mkoba. Chupa isiyokubali mfuniko wako, iache hata kama ni ya bure.

Chupa zikishafika nyumbani, zikague hivi:

1. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka ukingo wa mdomo. Ukikwama popote, hata kidogo, chupa hiyo haitafunga vizuri.

2. Iinue juani uitazame kwa ndani. Unatafuta nyufa na mapovu ndani ya kioo.

3. Jaza maji, funga, ipindue juu ya gazeti kavu kwa robo saa. Gazeti likilowa, chupa na mfuniko wake havipatani.

4. Ziweke kwenye sufuria ya maji baridi, washa moto mdogo, zichemke dakika 10, kisha ziache zipoe humo humo ndani ya maji. Za kupasuka zipasuke sasa zikiwa tupu, kuliko siku ya kazi zikiwa na jamu ndani. Chupa za mayonesi hasa kioo chake ni chembamba, na hazikutengenezwa kuchemshwa kila mwaka, kwa hiyo tegemea kupoteza baadhi.

Chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya mifugo au dawa ya shamba usiichukue, hata uoshe mara ngapi. Za plastiki pia hapana.

Lebo za zamani hutoka kwa kuloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni usiku kucha. Gundi ikibaki, changanya mafuta ya kupikia na majivu laini yaliyochekechwa, usugue kwa kitambaa. Na harufu ya zeituni au kitunguu saumu usiilaumu chupa. Kioo hakishiki harufu, mfuniko ndio unaoshika.

Chupa mpya zina wakati wake, kwa mfano unapotaka kuuza. Hapo nunua kwa katoni na kwa kushirikiana. Kioo Limited, wanaotengeneza chupa nchini, wako Dar es Salaam, kwa hiyo bei unayoikuta huku ina nauli ndani yake, na ukinunua moja moja dukani unalipia nauli hiyo pamoja na faida ya kila mkono iliopitia. Wanawake watano wa kikundi kimoja cha vikoba wakichanga katoni, kila mmoja anapata bei ya jumla bila kujaza nyumba maboksi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Arusha na Moshi na hushughulika na wasindikaji wadogo. Pita uulize kuhusu vifungashio na mafunzo kabla hujatoa pesa. Na ukianza kuuza, habari za TBS, shirika la viwango, zinakuhusu, ila hayo ni ya siku nyingine.

Mfuniko: hapa usibanie

Geuza mfuniko utazame ndani. Ukingoni kuna utepe mwembamba kama mpira. Joto linaulainisha, unashika ukingo wa kioo, na chakula kinapopoa hewa iliyobaki ndani inasinyaa na kuuvuta mfuniko chini. Ukishatumika, utepe huo unabaki na mtaro wa chupa ya kwanza. Mara ya pili unaweza kushika au usishike, na hutajua mpaka baada ya miezi, ukungu ukishaota.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano, wewe weka za dukani kwako. Tuseme chupa mpya na mfuniko wake ni shilingi 2,000, na mfuniko peke yake ni 400. Unasindika chupa 30 kwa mwaka, kwa miaka mitano.

Ukinunua vipya kila mwaka: 300,000.
Ukinunua chupa mara moja, kisha mifuniko mipya tu kila mwaka: 108,000.
Ukipata chupa za bure na kununua mifuniko mipya kila mwaka: 60,000.

Sasa angalia. Anayerudia mifuniko ya zamani kwenye ule mstari wa pili anaokoa 48,000 kwa miaka mitano, yaani hata 10,000 kwa mwaka haifiki. Sufuria moja ya jamu ikiharibika, sukari, matunda na mkaa vimeshakula hiyo pesa na zaidi. Ndiyo maana nasema akiba iko kwenye chupa.

Mifuniko iliyotumika usitupe lakini. Inafunika vyakula vikavu, na chakula cha kuweka kwenye friji. Ina kazi nyingine pia, nitaifikia sasa hivi.

Sufuria na zana

Unahitaji sufuria yenye kina na mfuniko. Kina chake kitoshe chupa kusimama, maji yaifunike kwa sentimita 2.5 juu ya mfuniko, na ibaki nafasi ya maji kuchemka bila kumwagikia jiko. Sufuria ya ubwabwa wa shughuli inafaa kabisa, na kama kikundi chenu kina vyombo vya kukodisha, azima siku ambayo hakuna harusi.

Chupa zisikae moja kwa moja kwenye kitako cha sufuria, zitapasuka. Panga ile mifuniko ya zamani chini, uso juu, ubavu kwa ubavu. Umepata wavu wa bure. Kitambaa kilichokunjwa nacho hufanya kazi, ila huinuka inuka maji yakichemka.

Koleo la kutolea chupa: chukua koleo la kawaida la jikoni, lizungushie mipira ya kufungia noti kwenye ncha mpaka isiteleze. Faneli: kikombe cha chuma chenye mkono, ukimimina kwa utulivu. Usikate chupa ya maji ya plastiki ukaitumia kumiminia jamu ya moto, inalainika. Kipimajoto cha jamu: weka kisahani kwenye friji, dondosha tone la jamu, lisukume kwa kidole. Likikunjamana, imeiva.

Mkaa, gesi, na kwa nini Arusha si Dar

Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda mlima, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Mjini Arusha, kwenye mita kama 1,400, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi mjini ni kama 97. Yanatokota vilevile kwa macho, lakini ni mapoa kuliko ya Pwani. Kwa hiyo mapishi uliyoletewa na shangazi wa Tanga yaongezee dakika.

Jamu, kwa chupa za nusu lita kushuka chini: dakika 10 za kuchemka, Arusha na Moshi sawa, ikiwa chupa tupu zilichemshwa kwanza kuua vijidudu. Na hapa pana akiba ambayo wengi hawaijui. Kuchemsha chupa tupu Arusha huchukua kama robo saa, mkaa unateketea kwa maji matupu. Badala yake zioshe vizuri kwa sabuni na maji ya moto, ziweke zikiwa na joto, jaza jamu inayochemka, funga, kisha chemsha chupa zilizojaa dakika 15 badala ya 10. Umeondoa duru nzima ya moto kwa dakika tano tu.

Nyanya zilizopondwa, kwa chupa za nusu lita: dakika 40 Moshi mjini, 45 Arusha. Za lita moja: 50 na 55. Anayekaa juu ya mji wa Moshi, kuelekea Uru, Kibosho au Machame, atumie za Arusha. Dakika zinaanza kuhesabiwa maji yakishatokota sawasawa, si wakati unapotumbukiza chupa.

Punguza moto kwa kujaza sufuria kila mara. Sufuria ya chupa tatu inakula karibu mkaa uleule wa chupa tisa. Funika. Maji ya duru ya kwanza usimwage, yaongeze kidogo na uendelee na duru ya pili. Mimi huanza na mkaa kwa kazi ndefu ya nyanya, gesi naiwekea kupikia jamu, kwa sababu jamu inataka moto wa kupunguza na kuongeza haraka.

Sukari, siki na ndimu

Sukari ya jamu ni karibu uzito sawa na matunda. Nunua ya jumla kwa kugawana, bei ya kilo moja moja kwa Mangi wa mtaani ni ya dharura. Unga wa kugandisha usiununue. Mapera yana ugandisho wake wa asili wa kutosha, na kwa matunda mengine funga mbegu na maganda ya ndani ya malimau kwenye kitambaa safi, chemshia humo, kisha toa.

Siki ya achari iwe na uchachu wa asilimia 5, na chupa iandikwe hivyo. Siki isiyo na maandishi ni nzuri kwa kachumbari ya leo. Dumu la lita 5 huwa nafuu kuliko chupa ndogo ndogo. Usiipunguze kwa maji zaidi ya mapishi yanavyosema. Ikikuzidi ukali, ongeza sukari.

Kwa nyanya, ndimu ya unga ndiyo rahisi kuliko zote. Tafuta kwa wauza viungo. Robo kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, nusu kijiko kwa lita moja, usawa wa kijiko. Ndimu mbichi zinatofautiana uchachu kutoka mti hadi mti, kwa hiyo kwa kazi hii sizitumii.

Siku ya nyanya, hatua kwa hatua

Nenda sokoni mapema kukagua, lakini nunua mchana wauzaji wanapotaka kufunga. Kilombero na Soko Kuu Arusha, Mbuyuni Moshi, au Tengeru siku ya gulio. Tenga likikuzidi, chukua ndoo au sado kadhaa. Zilizoiva chukua, zilizooza au zenye ukungu acha, hata akikuambia "kata tu hapo dada, kwingine nzima".

Osha chupa, ziache kwenye maji ya moto. Sufuria kubwa iwe jikoni tayari, maji yakianza kupata joto.

Tumbukiza nyanya kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, zihamishie kwenye maji baridi, maganda yatateleza. Toa vikonyo, ponda kwa mwiko, chemsha dakika 5.

Tia ndimu ya unga ndani ya chupa, na chumvi kidogo ukipenda. Mimina nyanya zikiwa zinachemka, acha sentimita 1 na robo juu. Kwa jamu unaacha nusu ya hapo. Chomeka kisu cha plastiki au kijiti safi pembeni kutoa mapovu. Futa ukingo kwa kitambaa safi chenye maji ya moto, kwa sababu mbegu moja ya nyanya hapo inatosha kuharibu kazi yote. Funga.

Na kitunguu, hoho, karoti, mafuta? Viache. Vinapunguza uchachu na dakika nilizotaja hazivihesabu. Utakaanga siku utakayofungua.

Panga chupa kwenye sufuria bila kugongana, maji yazifunike, chemsha dakika za mji wako. Zima, subiri dakika 5, toa. Zisimamishe juu ya kanga iliyokunjwa au ubao, mbali na upepo wa mlangoni. Mwaka mmoja niliziweka juu ya sementi jikoni, asubuhi ya Julai, baridi la Arusha mnalijua. Mbili zilikatika kitako papo hapo.

Baada ya saa 12 hadi 24 bonyeza katikati ya kila mfuniko. Uliozama hauchezi. Unaobonyea na kurudi haukushika: chupa hiyo iingie friji, iliwe wiki hiyo.

Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi, kibandike kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kinashika mwaka mzima na kinatoka kwa maji tu. Hifadhi kabatini, gizani, mbali na jiko, na ule ndani ya mwaka mmoja. Chupa iliyovimba mfuniko, inayovuja, inayotoa povu au kuchuruzika unapofungua, usionje hata ncha ya ulimi. Funga kwenye mfuko, itupe mahali ambapo kuku na mbwa hawafiki.

Mgeni ninayempa jamu namwambia mlangoni: chupa irudi. Wifi yangu wa Himo aliniletea 11 kwa mpigo mwezi wa kumi na mbili, zimeoshwa, ndani ya boksi la biskuti. Aliondoka na tatu zilizojaa.